Kitoweo Kiko Wapi?

Kwetu Ole, Pemba, mwanamke akipakua wali na mboga za majani peke yake, huulizwa: kitoweo kiko wapi? Mboga ni ya kumsindikiza samaki. Siku asipopatikana changu wala pweza, nyumba imekula chakula kikavu. Nami nilikuwa miongoni mwa waulizaji, mpaka nilipokwenda Maskati kufanya kazi za ndani.

Jikoni nilikuwa na mwenzangu kutoka Java. Matajiri wakitoka, hujipikia gado-gado: mboga za kuchemsha, viazi, yai, tofu ya kukaanga, na juu yake mchuzi mzito wa njugu. Jakarta huuzwa mpaka barabarani. Nilionja kwa adabu tu, kisha nikaongeza. Aliyekulia urojo hapati taabu na chakula hicho: uchachu upo, pilipili ipo, na cha kutafuna kipo.

Niliporudi Ole sikukosa kitu. Muhogo ukashika nafasi ya viazi, matembele yapo, choroko naziotesha mwenyewe ndani ya kitambaa chenye unyevu. Kazi ipo kwenye tofu. Soya nanunua mjini Chake Chake, naroweka usiku kucha, nasaga, nachuja kwa kitambaa kile kile cha tui. Maziwa yake hayataki kuachwa peke yake motoni. Ukigeuka tu, povu limezima jiko. Nayachemsha yakaiva hasa, maana soya mbichi husumbua tumbo. Nikishaepua namimina maji ya ndimu kidogo kidogo, nakoroga taratibu, na mara yanakatika: mabonge meupe huku, maji ya manjano kule. Nayafunga kwenye kitambaa, naweka jiwe juu. Yakishashikana nakata vipande na kuvikaanga mpaka vibadilike rangi.

Mchuzi ni rahisi. Njugu za kukaanga natwanga pamoja na kitunguu thomu, pilipili, chumvi na sukari guru, nalainisha kwa ukwaju na maji ya moto.

Mama mkwe wangu alipoiona sahani akasema, "Mwanangu, mbona watuletea vyakula vya kigeni?"

"Mama, hizo karafuu unazoanika uwanjani asili yake Maluku, huko huko Indonesia. Muhogo na njugu vimetoka Amerika. Tukifukuza wageni, tutakula nini?"

Alicheka, akavuta sahani. Siku hizi ndiye anayetwanga njugu, na kwa pilipili hana huruma.

Zamani kusi likivuma, bahari ikachafuka na samaki wakapanda bei, nilikuwa nakopa ili sufuria ya kitoweo isikae tupu. Sasa sikopi. Samaki tunakula akipatikana kwa bei ya maana. Asipopatikana, hakuna anayenuna. Mume wangu amekwisha kuacha lile swali lake. Watoto huanza na tofu na kuyaacha matembele mwisho, lakini wanayamaliza.

Ukitaka kujaribu, anza na mchuzi, tofu itafuata. Ila njugu zichambue moja moja. Iliyoota ukungu au kusinyaa itupe, usiseme nitaikaanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa moto, na mwaka 2016 ile iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara.