Hesabu ya Jambo la Siri

Kuhesabu minazi ni kazi nyepesi, kwa kuwa mnazi haukani kuwa mnazi. Kuhesabu watu watumiao madawa ya kulevya ni kazi ya namna nyingine. Atendaye jambo hilo huogopa sheria, huona haya mbele ya jamaa zake, na aghalabu huificha siri hiyo hata kwa nafsi yake. Walakini serikali haiwezi kujenga nyumba za tiba wala kugawa fedha pasipo idadi. Basi hapana budi kuuliza.

Marekani ilianza kuuliza mwaka 1971, kwa uchunguzi upitao nyumba kwa nyumba. Siku hizi watu wapatao 70,000, wenye umri wa miaka 12 na zaidi, huchaguliwa kwa bahati kila mwaka ili wasimame mahali pa taifa zima. Mwaka 1999 ulianza utaratibu mpya: likifika swali zito, mwulizaji humwachia mwulizwa kompyuta, naye hulisikia swali peke yake na kulijibu kwa kidole. Mtu huiambia mashine neno ambalo ulimi wake hauthubutu kumwambia mtu.

Stanley Warner alikwisha kulifikiri tatizo hili mwaka 1965. Alionyesha ya kuwa yawezekana kuujua ukweli wa watu bila ya kuujua ukweli wa mtu. Namna nyepesi ya njia hiyo, iliyotengenezwa na waliomfuata, ni hii: kila mtu hurusha sarafu kwa siri. Kikitokea kichwa, hujibu "ndiyo", awe mtumiaji au asiwe. Ukitokea upande wa pili, husema kweli. Katika watu 1,000, "ndiyo" kama 500 zitakuwa za sarafu. Zikipatikana 600, zile 100 zilizozidi zimetoka kwa watu 500 waliosema kweli, yaani mmoja katika kila watano. Hapana awezaye kumshika mtu kwa "ndiyo" yake, maana huenda ikawa ya sarafu. Naipenda hesabu hii kwa adabu yake.

Lakini liko pengo ambalo sarafu hailizibi. Uchunguzi wa Marekani hauwafikii wafungwa, wala wasio na makao walalao nje ya nyumba za hifadhi. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka mtoto wa dada yangu, aliyelala miaka mitatu katika baraza za maduka. Mwulizaji kama huyo angalibisha hodi kwa dada yangu, angalikaribishwa kwa heshima, na angaliambiwa kwamba nyumbani humo hamna mtumiaji. Jibu hilo lingalikuwa kweli tupu, kwa kuwa kijana hakuwamo.

Kwa hiyo nisomapo kwamba watu kadha katika mia hutumia madawa hayo, huichukua idadi hiyo kuwa kiasi cha chini. Yafaa kila aisomaye aulize: ni nani walioulizwa, na walipewa salama gani ya kujibu? Fedha za tiba hufuata idadi, na asiyehesabiwa hutandikiwa kitanda na nani?