Chumba cha rubani na mzigo wa babu

Wasomaji wangu waliozoea kukuta hapa hoja za bajeti na uchaguzi watanivumilia leo. Likizo hii nimeipitisha nyumbani Misunkumilo, mezani kwa shangazi yangu, nikipaka rangi kiti cha rubani kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Mwenzangu aliyerudi kutoka Uingereza aliniletea kasha la vipande vya plastiki vya kuunda ndege ya kale aina ya BE2c, yenye mabawa ya juu na ya chini, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Sehemu ngumu ni chumba cha rubani. Sharti ukimalize kwanza, kwa maana nusu mbili za kiwiliwili zikishagandishwa hutaingiza mkono tena. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao, waya na kitambaa. Hivyo nilipaka rangi ya mchanga, nikaiacha ikauke, kisha nikaburuza juu yake kahawia nyepesi kwa brashi iliyo karibu kukauka, hadi mishipa ya mbao ikaonekana. Nyaya nilizipata kwa kupasha moto kijiti cha plastiki juu ya mshumaa na kukivuta mpaka kikawa kama unywele. Kamba za kumfunga rubani ni karatasi ya gundi niliyoikata kwa wembe. (Shangazi aliuliza kama chuo kinanilipa kwa kazi hii.)

Ndege za aina hii zilifika kwetu. Mwaka 1916 Kikosi Na. 26 cha anga cha Waingereza kilizirusha kutoka Mbuyuni, upande wa Kenya, Jenerali Smuts alipokuwa akiwasukuma Wajerumani kusini. Mwaka huohuo, katika Ziwa Tanganyika, Wabelgiji waliishambulia Kigoma kwa ndege zilizotua majini, nazo pia za mabawa ya juu na chini. Wapenda vielelezo hubishana kwa barua ndefu kuhusu rangi ya ngozi iliyozungushwa ukingoni mwa chumba, na mara nyingi picha za kuthibitisha zipo.

Lakini vita ile haikwenda kwa mabawa. Mbung'o, ambao sisi wa Katavi hatuhitaji kusimuliwa habari zao, waliua farasi na ng'ombe wa majeshi, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza pekee wapagazi wanakadiriwa kufikia milioni moja, na vifo vilivyoandikwa vinakaribia 95,000. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam kama jina la soko, Kariakoo. Wengi wananunua nyanya pale bila kujua.

Baba yake bibi yangu alichukuliwa kubeba mzigo, hakurudi. Familia haijui ni jeshi gani lililomchukua. Huenda ni Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma, huenda ni Wabelgiji waliokuwa wakielekea Tabora, waliyoiteka Septemba 1916, au Waingereza waliotoka kusini. Hatujui mwaka wala kaburi. Mimi mwenye shahada tatu naweza kukueleza mishale ya dira iliyo mbele ya rubani, na siwezi kukueleza babu yangu alibeba nini.

Jana jioni nilimpa shangazi kioo cha kukuzia. Alitazama kwa muda mrefu. Katika BE2c mtazamaji hukaa mbele ya rubani, katikati ya nguzo na nyaya za mabawa, na nilikuwa nimekwisha kumweka kijitu chake.

"Huyu wa mbele anaangalia nini?"

"Barabara, shangazi. Anahesabu watu na mizigo, apeleke habari."

Alikirudisha kioo mezani taratibu.

"Basi babu huenda alihesabiwa."

Nusu mbili za kiwiliwili bado sijazigandisha.