Nimekosea Nini, Mwanangu?

Mama mdogo alipokuja kututembelea hapa Leicester, siku moja alitaka kujikatia mwenyewe tiketi ya basi la kwenda London. Nikamwachia kompyuta. Akavaa miwani, akatoa kadi yake ya benki aliyokuja nayo kutoka Tanga, akaanza kujaza. Namba za kadi zimepangwa nne nne, naye akaziandika vilevile, akiacha nafasi kila baada ya nne. Akaweka jina, mwezi na mwaka wa kadi kuisha, na zile tarakimu 3 za mgongoni. Alipobofya kulipa, yakatokea maandishi mekundu: namba ya kadi si sahihi. Na kila alichojaza kikafutika.

"Nimekosea nini, mwanangu?"

Hakukosea kitu. Fomu haikutaka nafasi katikati ya namba, wala haikumwambia. Kuziondoa ni kazi ya kompyuta, tena ya mstari mmoja wa programu. Hata kosa la kweli, mtu akibonyeza 7 badala ya 4, lingeweza kunaswa palepale, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ya kadi hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Kanuni hiyo ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, na ilipewa hataza mwaka 1960.

Tukaanza upya. Safari hii fomu ikadai postikodi ya mwenye kadi. Mtu wa Uingereza anaijua postikodi yake kama jina lake. Tanzania nako zipo, za tarakimu 5, lakini barua za mama mdogo miaka yote zimepitia sanduku la posta la shule aliyofundisha. Akaandika S.L.P., ikakataa. Mwishowe nikalipa kwa kadi yangu. Akanyamaza, akakunja miwani. Ukimya ule uliniuma.

Maana huyu ndiye anayenunua umeme gizani. Umeme wa LUKU ukiisha usiku, anabonyeza *150*00# kwenye simu, anafuata menyu, anaweka namba ya mita, kiasi na namba ya siri, basi. Simu haimuulizi anakaa wapi. Akimtumia mtu pesa, jina la mpokeaji linatokea kwanza, akiridhika ndipo anathibitisha. Benki za Uingereza zenyewe zilianza kulinganisha jina la mpokeaji na akaunti yake mwaka 2020 tu.

Nyumbani nako kuna ya kurekebisha. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20 za kunakili kutoka kwenye meseji hadi kwenye mita, kwa macho ya mzee na mwanga wa simu. Menyu nayo hukatika mtu akichelewa kujibu. Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kuona tovuti za kwetu zikiiga fomu za huku nzima nzima, hadi kisanduku cha "jimbo" na postikodi ya lazima, kwa mteja wa Korogwe anayetaka kununua jozi ya viatu.

Vijana wetu mnaotengeneza tovuti hizi, kabla ya kuzizindua, mpeni mama mdogo wenu alipe kitu cha kweli kwa pesa yake, nanyi mkae kando bila kumwelekeza. Akikuulizeni amekosea nini, rudini mkairekebishe fomu.