Nani Anabisha?

Saa sita usiku, nje ya mlango wetu hapa Kayole Soweto: du! Mathe anaamka. "Ni yeye?"

Namulika na simu. Hakuna mtu. Bro wangu alienda kutafuta mjengo Ruiru mwezi wa tatu, na tangu hapo ukimpigia ni mteja.

Usiku wa tatu nikakaa uani, nimejifunga leso ya mathe mabegani. Si paka. Si mwizi. Kisha du!, karibu na mguu wangu. Mtungi wa lita 20, mtupu, kifuniko kimekazwa. Mchana jua linauchoma, hewa ya ndani inapanuka. Baridi ikishuka, hewa inasinyaa na plastiki inabonyea kwa kishindo. Ukijaa maji hausikiki, lakini maji yenyewe kwetu ni ya kungoja.

Nikafungua kifuniko. Usiku uliofuata, kimya. Asubuhi nikamweleza mathe yote. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, nimeelewa."

Jumamosi mchana nilimkuta amechuchumaa juani, anakikaza tena.

"Vumbi litaingia," akasema, bila kuniangalia.

Sikubishana naye.