Vumbi la Owino Uhuru

Ukiabiri matatu kutoka Mombasa mjini kuelekea Nairobi, ukavuka Makupa na kuipita Changamwe, shuka Mikindani. Usitarajie hoteli wala ufuo. Owino Uhuru ni mtaa wa nyumba za udongo na mabati zilizobanana, wenye wakazi wapatao 3,000, waliokuwa majirani wa kiwanda ukuta kwa ukuta. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Kilichotoka humo hakikufungwa pamoja nacho.

Tangu 2007 paliyeyushwa hapo betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, lakini tanuri huwa na joto kali kuliko hilo, na mvuke unaopanda ukikutana na hewa baridi hugeuka chembe ndogo mno. Upepo huzibeba, kisha hutua: juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sukuma wiki. Mvua nayo huzisomba kutoka kwenye paa hadi kwenye pipa la maji, nyingine huzimwaga uani. Sasa mtazame mtoto wa miaka miwili akicheza: mkono mchangani, mkono kinywani. Huyo ndiye anayeumia zaidi, kwani risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Moshi hutawanyika, risasi haiozi.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho mwanawe mchanga alipougua. Vipimo vilionyesha risasi damuni. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani, akatiwa mbaroni mwaka wa 2012, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Kesi, kama ujuavyo kesi zetu, ilikwenda ikirudi. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuamuru mahali hapo pasafishwe. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Udongo wa namna hii haufagiliwi. Sharti uchimbwe na kuzikwa mbali na watu, au ufunikwe kabisa. Nawe ukirudi kutoka matembezini, vua viatu mlangoni, uvipanguse kwa kitambaa chenye maji. Usivikung'ute mbele ya watoto.