Ufunguo Uko kwa Mama

Ukiacha chuo mwaka wa tatu kama mimi, huna cheti cha kumwonyesha mtu. Ulicho nacho ni baruapepe: rasimu, ankara, wahariri ambao hamjawahi kuonana. Hiyo ndiyo ofisi yangu. Kwa hivyo akaunti ikiniuliza nataka uthibitisho gani wa pili, mbali na nywila, kwangu inauliza ufunguo wa ofisi ukae wapi. Wengi wetu hubonyeza ile ya SMS, twende zetu.

SMS ni rahisi, hata kabambe inapokea. Shida ni kwamba msimbo hauji kwako, unaenda kwa laini. Tapeli akifaulu kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, misimbo yote inamfuata. Agosti 2019 laini ya Jack Dorsey, bosi wa Twitter wakati huo, ilitekwa, na watu wakaandika upuzi kwenye akaunti yake. Kama yeye alipatikana, mimi ni nani? Tena laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama nikiwa sekondari. Simu ikinyakuliwa Tom Mboya leo, siwezi kuirudisha laini mpaka yeye aende dukani.

Basi nikajiuliza maswali mawili tu. Nani anaweza kujifanya mimi? Na simu ikienda, nitaingiaje?

La kwanza, programu ya misimbo inalijibu vizuri kuliko SMS. Inakokotoa tarakimu 6 ndani ya simu yenyewe, zinabadilika kila sekunde 30, bila bando. Lakini ukiziandika kwenye tovuti feki, zimeenda. Hapo mshindi ni ule ufunguo wa kuchomeka kwa USB, kwa sababu wenyewe hukagua anwani ya tovuti na kuikataa feki. Ila unauzwa, na mimi nalipa kodi ya nyumba kwanza. Nikachagua programu, kisha nikaondoa namba ya simu kwenye hatua ya pili. Ukiiacha, mwizi atapitia hapo hapo.

La pili lilijibiwa na karatasi. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja. Niliichapisha. Kuiweka kwa mkoba ni bure, anayebeba simu hubeba mkoba pia. Keja nayo ina kufuli ya mia mbili. Nikampelekea mama Kakamega.

Mama hajawahi kuita kazi yangu kazi. Majirani wakimuuliza, husema bado najipanga. Aliigeuza ile karatasi, akauliza ni ya nini.

"Simu ikiibwa na hii ipotee, mama, sina kazi tena."

Hakusema kitu. Alifungua sanduku lake, akaiweka kwenye bahasha ya hati ya shamba.