Katesh: Jiko Lililokunywa Tope

Ukitoka Babati kwa barabara ya lami iendayo Singida, mlima Hanang unaanza kukuchungulia mapema. Una zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umekaa miguuni pake. Mpenzi msomaji, ukiuona siku ya jua huwezi kuamini kwamba ndio uliomwaga tope tarehe 3 Desemba 2023, baada ya sehemu yake kulowa mvua na kumeguka. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi.

Nyumba nyingine zilifutika kabisa. Nyingine zilibaki zimesimama, tope hadi kiunoni. Hizo hatuzisikii sana.

Masika yaliyofuata niliingia jikoni kwa mama mmoja pale mjini. Mstari wa tope bado ulionekana ukutani. Chini yake lipu imevimba, ukigonga inalia kama debe tupu. Mumewe alishanunua marumaru! Sendofu ya binti ilikuwa karibu, na mzee hakutaka wakwe wauone ule mstari. "Baba watoto, marumaru hazina miguu," mama akamwambia. "Ukuta ukauke kwanza." Wiki nzima walisalimiana tu. Mwishowe wageni walipikiwa uani, chini ya turubai, na sherehe ikafana.

Mama alikuwa sahihi, bwana. Tofali hunywa maji hadi ndani. Ukiziba na marumaru mapema, unyevu unatafuta pa kutokea: unapanda juu, unabandua rangi, na marumaru zenyewe zinaanza kuachia. Kujua kama ukuta umekauka si kazi. Bandika kipande cha nailoni, ziba pembe zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani, subiri. Mbulu, kule juu kwenye baridi na ukungu, utasubiri zaidi.

Ukishakauka, mwambie fundi abomoe lipu yote inayolia, avuke na ule mstari kwenda juu. Unga mweupe ukutani ni chumvi. Usugue kwa brashi kavu. Kisha alowanishe ukuta, apige lipu mpya: ndoo moja ya saruji kwa nne au tano za mchanga uliochekechwa. Imwagiliwe siku 7, halafu iachwe kama mwezi hivi kabla ya marumaru na rangi. Mafundi wa haraka haraka hawapendi kusikia hilo.

Na kama jiko ni la udongo, kama mengi ya vijijini Mbulu, saruji isiguse ukuta. Haishikani na udongo, na inafungia maji ndani mpaka siku inapodondoka na kipande cha ukuta. Wairaqw wanaokandika kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe wanajua wanachofanya. Ukuta ule unapumua, na ukipasuka unakandikwa tena asubuhi hiyo hiyo, bila kwenda dukani.